Karamu ya mwaka ya jumuiya ya Kiskoti: jinsi ya kuiandaa ili keili isife

Kamati nyingi huupanga usiku huu kuanzia mlangoni: wageni waingie saa ngapi, wale nini, nani ahutubie, na muda utakaobaki ndio wa dansi. Matokeo yanajulikana. Hotuba ya tatu inamalizika saa 4:20 usiku, meza bado ziko katikati ya ukumbi, bendi imekaa nyuma ya pazia na chai iliyopoa, na wazee wameshaanza kutafuta makoti yao. Pangeni kinyume. Iwekeeni dansi ya kwanza saa isiyosogezwa, kisha rudini nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni.

Mwongozo huu unachukulia ukumbi ulioko Uskoti na wageni 120 wanaokula kwanza na kucheza baadaye chumba kilekile. Saa zote ni za Kiswahili.

Neno keili ni la Kigaeli, moja ya lugha za Uskoti, na huandikwa ceilidh. Zamani lilimaanisha kutembeleana: majirani kukusanyika motoni kwa hadithi, nyimbo na muziki. Siku hizi ni dansi ambayo mtu mwenye kipaza sauti hutaja hatua, ili hata asiyejua kitu aingie uwanjani. Hapo ndipo keili inapotofautiana na dansi rasmi za Kiskoti, ambako mgeni anatarajiwa kuzijua hatua kabla hajafika. Liandikeni neno keili kwenye kadi ya mwaliko kwa herufi kubwa, na chini yake: hakuna haja ya kujua kucheza. Sentensi hiyo moja huuza tiketi kuliko picha ya mtu aliyevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti.

Tarehe

Jumuiya nyingi hung'ang'ania Jumamosi iliyo karibu na tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi wa Kiskoti Robert Burns mwaka 1759, au karibu na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Kwa karamu ya Burns hakuna ujanja: mpiga zumari la mfuko, ile ala ya Kiskoti yenye mfuko wa hewa, na bendi nzuri huwekwa mwaka mzima kabla. Lakini kama karamu yenu ni ya jumuiya tu, haihusu Burns wala mtakatifu, mnashindania nini? Mwisho wa Februari, Machi au Oktoba utapata bendi ileile, imepumzika, na ukumbi ulio tayari kuzungumza bei.

Ukumbi na sakafu

Pima sakafu kabla ya kuhesabu viti. Seti ya wenzi wanne, yaani watu 8, inahitaji kama mita 3 kwa 5 ili mikono izunguke bila kugonga mtu. Hiyo ni karibu mita 2 za mraba kwa kila mchezaji. Kadiria kwamba nusu ya wageni watakuwa uwanjani kwa wakati mmoja: watu 60, mita za mraba 120, tuseme mita 10 kwa 12. Ukumbi usio na nafasi hiyo wazi wakati wa chakula utalazimika kuondoa meza, na kazi hiyo inahitaji watu sita waliotajwa kwa majina, si "vijana watasaidia".

Meza ya duara ya mita 1.8 hukaa watu 10, ya mita 1.5 hukaa 8. Panga zile zitakazoondolewa karibu na jukwaa, uwaketishe hapo wanakamati na jamaa zao. Hao ukiwaambia wasimame, watasimama. Mzee aliyeketishwa hapo hatasogea hadi amalize kahawa yake, na ana haki.

Sakafu ya mbao yenye kunepa kidogo ndiyo bora. Zulia hung'ang'ania soli wakati mwili unageuka, na goti ndilo hulipa. Vigae juu ya zege huchosha miguu kabla ya saa 5. Msinyunyize poda kwenye mbao zinazokwama. Nusu ya ukumbi itateleza. Adui mkubwa zaidi ni kinywaji kilichomwagika: pigeni marufuku glasi ndani ya eneo la dansi, na mwekeni mtu mmoja mwenye kitambaa kikavu zamu nzima.

Uliza mambo mawili kabla ya kutia sahihi. La kwanza, je, ukumbi una kifaa cha kukata umeme wa jukwaa sauti ikizidi kiwango? Vipo vingi, na ngoma pamoja na vigelegele vya watu 60 hutosha kukifyatua. La pili, soketi za jukwaani ziko kwenye waya mmoja na birika kubwa la chai? Kama ndivyo, bendi itazimika dakika ileile kahawa inapoandaliwa. Kama ukumbi hauna leseni ya kuuza pombe, jumuiya inaweza kuomba kibali cha muda kwa bodi ya leseni ya halmashauri chini ya sheria ya mwaka 2005. Peleka maombi wiki 8 kabla, maana bodi haiharakishwi na mtu.

Hesabu ya tiketi

Gawanya gharama mbili: zisizobadilika (ukumbi, bendi, mpiga zumari, mitambo ya sauti) na za kila kichwa (chakula na kinywaji cha heshima). Kwa mfano wa hesabu tu, za kwanza zikiwa pauni 2,400 na chakula pauni 32 kwa mtu, usigawanye 2,400 kwa wageni 120. Gawanya kwa 85. Unapata karibu pauni 28 kwa kichwa, jumla pauni 60, na mweka hazina analala usingizi hata viti 35 vikibaki wazi.

Bahati nasibu ya ukumbini haihitaji leseni ikiwa tiketi zinauzwa palepale wakati wa hafla na faida inakwenda kwenye jambo jema, si mfukoni mwa mtu. Sheria inaruhusu kutoa kwenye mapato yake si zaidi ya pauni 500 za zawadi na pauni 100 za gharama. Zawadi za kupewa bure hazihesabiwi humo, kwa hiyo kusanyeni za kupewa.

Bendi na mpiga zumari

Bendi ya keili yenye watu watatu inatosha: fidla, kodiani na ngoma. Anayeamua usiku wenu ni mwita hatua. Msikilize akifanya kazi kabla ya kumlipa kianzio. Mzuri huwapitisha watu hatua mara moja, taratibu, bila muziki, kisha anaita bendi. Anayewapitisha mara tatu huwachosha. Asiyewapitisha kabisa huwatisha. Kwenye mkataba andika vipindi viwili vya saa moja kila kimoja, saa ya kufika, na kwamba bendi italishwa chakula cha moto. Hili la mwisho si hisani. Wanamuziki waliokula mkate mkavu hupiga kama watu waliokula mkate mkavu.

Bendi iingie saa 10:30 jioni na kumaliza kujaribu sauti saa 11:45, kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Mpiga zumari la mfuko ni mtu tofauti na bendi, na ala yake haipatani nayo: sauti zake ziko juu kidogo ya zile za ala nyingine, kwa hiyo usimwombe apige pamoja na fidla ila wawe wamekubaliana wenyewe tangu nyumbani. Mtengee chumba chenye joto sawa na ukumbi, dakika 20 kabla ya kila mara atakapoingia. Akingojea kwenye korido baridi kisha akaingia ukumbi wa moto, zumari hupoteza ulinganifu na watu 120 watamlaumu yeye badala yako. Mpe pia ramani ya njia atakayopita kati ya meza. Mabomba matatu yanayosimama begani kwake hugonga taa zinazoning'inia chini.

Chakula

Mlolongo wa kawaida ni supu, hagisi na vitamutamu. Supu ama ni ya kuku na liki yenye plamu kavu ndani yake, ama ile nzito ya samaki hadoki aliyefukizwa moshi, viazi na maziwa. Hagisi ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa pamoja na kitunguu, oti, mafuta magumu na viungo, yakapikwa ndani ya mfuko. Zamani ulikuwa tumbo la kondoo, leo mara nyingi ni mfuko wa kiwandani. Huandamana na viazi vya kuponda na turnipi la njano la kuponda. Kitamutamu ni kranakani: krimu iliyopigwa, rasiberi, asali, wiski na oti zilizokaangwa kavu. Oti hizo zichanganywe dakika za mwisho. Zikikaa saa mbili ndani ya krimu zinageuka uji.

Kwa wageni 120, hagisi ikiwa ndio mlo mkuu, hesabu gramu 200 kwa mtu: kilo 24. Viazi vibichi kilo 30, turnipi kilo 24 kabla ya kumenya, maana ganda lake nene hula sehemu kubwa. Katika hizo kilo 24 za hagisi, angalau sehemu moja ya kumi iwe ile isiyo na nyama. Wanaoiagiza siku ya tiketi ni wachache kuliko wanaoitaka wakishaiona mezani.

Hagisi inayonunuliwa imeshapikwa. Kazi ya jikoni ni kuipasha. Sheria ya usafi wa chakula ya Uskoti inataka chakula kinachopashwa kifike nyuzi 82 za Selsiasi ndani kabisa, na kikingoja kuliwa kisishuke chini ya 63. Choma kipimajoto katikati, usipime pembeni. Isichemke kwa fujo, maji yatokote tu, au ifungwe karatasi ya aluminiamu na kuwekwa ovenini ikiwa na maji kidogo kwenye sinia. Ikichemka sana mfuko hupasuka. Ile kubwa ya maonyesho, yenye kilo nne hivi, huchukua saa kadhaa. Fuata lebo, kisha ongeza nusu saa.

Viambato 14 vinavyosababisha mzio lazima viweze kutajwa kwa mgeni anayeuliza. Oti huhesabiwa miongoni mwa nafaka zenye gluteni, kwa hiyo hagisi na kranakani zote zimo. Maziwa na samaki wamo kwenye supu.

Kosa linaloharibu karamu nyingi ni hili: jikoni wanasubiri hagisi ya maonyesho ikatwe ndipo waanze kupakua. Dakika 25 zinapotea, na sahani zinafika baridi. Ile inayozungushwa ukumbini ni ya macho na ya meza kuu tu. Sahani za wageni zipakuliwe mpiga zumari anapoingia, na zitoke shairi likiisha.

Maandamano yenyewe: mbele mpiga zumari, nyuma yake mpishi na sinia, kisha mwenye wiski. Wageni husimama na kupiga makofi kwa mdundo. Mpishi akiweka sinia mezani, msomaji huanza shairi la Burns la mwaka 1786 la kuisifu hagisi, lenye beti 8, na kisu huingia kwenye ubeti wa tatu. Jaribuni kisu mchana. Kisu butu hubonyeza mfuko badala ya kuukata, na mfuko ulioshikilia mvuke hurusha mafuta ya moto kwenye shati la msomaji. Jikoni wautoboe tundu dogo upande wa chini kabla ya kuutoa, hakuna atakayeliona. Baada ya shairi mwenyekiti humpa mpiga zumari na mpishi kinywaji, kwa desturi katika bakuli dogo la masikio mawili.

Wiski ya kuinua glasi: mililita 25 kwa mtu, na chupa ya sentilita 70 hutoa vipimo 28, kwa hiyo chupa 5 zinatosha meza zote. Wasiokunywa wawekewe glasi yenye kitu ndani. Kuinua glasi tupu mbele ya watu ni fedheha ndogo ambayo mgeni haisahau.

Saa

Milango saa 12:15 jioni, wito wa kuketi 12:50, meza kuu inaingia na zumari saa 1 kamili. Sala, na mara nyingi huwa ile fupi ya mistari minne iitwayo Selkirk Grace, kisha supu saa 1:10. Hagisi inaingia 1:30, sahani 1:40, kitamutamu 2:15. Hotuba zianze 2:35 na ziishe 3:15. Halafu nusu saa ya kuondoa meza, na dansi ya kwanza 3:45. Mapumziko saa 4:45 hadi saa 5, ambapo wengi hupakua stovizi, yaani viazi na vitunguu vilivyopikwa polepole na mabaki ya nyama. Nota ya mwisho saa 6 usiku.

Dakika 40 za hotuba ndizo zitakazowatesa. Glasi kwa heshima ya Mfalme ni sentensi moja tu, watu wamesimama. Kwa jumuiya, dakika 8. Jibu la mgeni rasmi, 10. Shukrani, 4. Usiku wa Burns huongeza hotuba ya kumkumbuka mshairi, na yale mabishano ya utani kati ya mwanamume na mwanamke. Basi punguzeni nyingine, maana saa haina mpira. Mwambie kila mzungumzaji kiasi cha maneno badala ya dakika: dakika 8 ni kama maneno 1,000. Mtu anayeambiwa dakika 8 huchukua 15 kwa nia njema kabisa.

Kwenye ile nusu saa ya kuondoa meza usiwaache watu wakae. Mshereheshaji awaelekeze wote baa na kwenye tiketi za bahati nasibu, taa zipungue kidogo, mpiga fidla aanze kitu chepesi. Ukumbi ukinyamaza hapo, watu huenda nyumbani.

Mavazi

Waambie wageni mapema kwamba kilti si sharti. Wanaovaa wahakikishe pindo linafika katikati ya goti, marinda yako nyuma, na ile pini inachoma kitambaa cha juu tu. Ikichoma vyote viwili, kilti huchanika kwenye mzunguko wa kwanza. Mkoba wa mbele usogezwe pembeni kabla ya kucheza. Kamba ndefu za viatu vya kilti zifungwe mafundo mawili. Kisu kidogo cha soksi kinaruhusiwa kisheria kikiwa sehemu ya vazi la taifa, lakini kibaki mezani wakati wa dansi. Kwa wanawake, viatu bapa na sketi yenye nafasi. Kisigino chembamba kikitua kwenye kidole cha mtu katikati ya polka, yaani wenzi wakizunguka kwa hatua za kurukaruka, keili imeisha kwa watu wawili.

Dansi

Changanyeni nzito na nyepesi. Kila dansi pamoja na maelekezo huchukua dakika 8 hadi 10, kwa hiyo kipindi cha saa moja kina dansi sita tu. Chagueni kwa makini.

Ya kwanza iwe Gay Gordons. Wenzi wote husimama kwenye duara moja kuzunguka ukumbi, wakielekea kinyume cha mwendo wa saa. Mkono wa kulia wa mwanamume hupita juu ya bega la mwenzake na kushika mkono wake wa kulia. Ya kushoto hushikana mbele. Hatua 4 mbele, geukeni bila kuachia mikono, hatua 4 kinyumenyume mkiendelea kulekule. Rudieni kuelekea mlikotoka: 4 mbele, geukeni, 4 kinyumenyume. Hesabu 8 mwanamke anazunguka chini ya mkono ulioinuliwa, hesabu 8 polka. Jumla 32, kisha mwanzo tena. Kosa hutokea kwenye mgeuko wa kwanza: nusu ya watu, wakishageuka, hutembea mbele kurudi walikotoka, na duara linagongana. Mwita hatua awaambie wote wanyooshe kidole wanakoelekea kabla muziki haujaanza, na wakigeuka wabaki wakielekea kidole hichohicho kwa mgongo.

Ya pili, Dashing White Sergeant: watatu wakiwakabili watatu. Inafaa kwa aliyekuja peke yake, na kila mzunguko kundi hupita chini ya mikono ya wenzao na kukutana na watatu wapya. Baada ya dakika sita mtu ameshika mikono ya wageni kumi na kitu. Kabla ya kuanza hesabuni makundi. Yakiwa witiri, watatu watabaki wakikabili ukuta.

Kisha mpumzisheni mtu kwa St Bernard's Waltz, hatua tatu za pembeni na kukanyaga mara mbili, ambayo hata wenye umri wa miaka 80 huingia. Baada yake Strip the Willow, na hapa kuweni macho. Wenzi wanne kwa mistari miwili. Wenzi wa juu hushikana mkono wa kulia na kuzunguka, kisha mmoja hushuka mstari wa pili akizungushwa mkono wa kushoto na kila mtu, akirudi kwa mwenzake mkono wa kulia kila mara. Kulia kwa mwenzako, kushoto kwa wengine: irudieni kama kiapo. Shikaneni kwenye kigasha karibu na kiwiko, si kwa vidole, na mtu asivutwe. Dansi hii ndiyo hutoa vifundo vilivyoteguka, na sababu karibu kila mara ni kijana mwenye nguvu anayemzungusha mtu mwepesi kuliko yeye. Aina ya Orkney, mstari mmoja mrefu wa ukumbi mzima, iwekeni kipindi cha pili, na tu kama urefu unaruhusu.

Eightsome Reel inapendwa na wazoefu na inaogopwa na wageni, kwa sababu kila mmoja wa watu 8 hupata zamu ya kusimama peke yake katikati. Iitwe baada ya mapumziko, kila seti ikiwa na angalau watu wanne wanaoijua. Msipowapata, iacheni, kuna Military Two-Step na Canadian Barn Dance zinazosubiri.

Wekeni majagi ya maji pembeni mwa sakafu, milango miwili ikiwa wazi hata Januari. Watu 60 wanaocheza huupasha ukumbi haraka kuliko hita yoyote.

Kufunga

Auld Lang Syne huimbwa kwa duara kubwa, mikono imeshikana kawaida ubavuni. Mikono hupishanishwa kifuani kwenye ubeti wa mwisho tu, ule unaotaja kupeana mkono. Ukumbi mwingi hupishanisha tangu mwanzo, na hapo hakuna anayeweza kusogea. Mshereheshaji aseme hivyo kabla ya nota ya kwanza, na achapishe maneno nyuma ya menyu, kwa kuwa karibu kila mtu anajua ubeti mmoja na nusu.

Andaeni teksi au basi kwa saa 6:15. Kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu tangu Desemba 2014, chini ya kile cha Uingereza ambacho ni 80, na wageni waliotoka kusini mwa mpaka mara nyingi hawajui. Liandikeni kwenye menyu, chini ya kranakani. Mlango wa nyuma uachwe wazi kwa bendi kutoa vyombo, na mmoja wa wale sita wa meza abaki kuwasaidia kubeba.